Kinanda wa Dirisha la Kwanza

Ukizungumza na mama, alikuwa anakutazama sikioni. Si usoni. Sikioni, au begani, au kitu kilicho nyuma yako. Watu wa hospitalini walisema ana dharau. "Yule mama wa mapokezi," walisema, "anakuhudumia kama vile anamsubiri mtu wa maana zaidi yako." Yeye aliyasikia hayo, akaona ni afadhali waseme hivyo. Mwenye dharau hafukuzwi kazi.

Ukweli ni kwamba katikati ya macho yake palikuwa pamekufa. Pembeni alikuwa anaona: ukuta, mlango, mtu anapita, baiskeli inakuja. Alitembea kutoka nyumbani hadi kazini bila kushikwa mkono na bila kujikwaa. Lakini kile alichokikazia macho, hichohicho ndicho kilichopotea. Akikutazama usoni, uso unafutika. Akitazama herufi, anaona ukungu. Kwa hiyo ili akupate walau kidogo, analitazama sikio lako.

Tulioyajua hayo tulikuwa wawili, yeye na mimi, na mimi sikuambiwa. Niliona tu. Niliona anapima maji ya moto kikombeni kwa kuingiza ncha ya kidole. Niliona anauliza, "Hii dawa ya nani?" huku ameshika chupa ya mafuta ya kupaka. Siku moja nilimwuliza kama macho yanamsumbua. Alinizaba kofi, la haraka, na alilenga vizuri. Sikuuliza tena.

Nilipofika darasa la sita alinitoa shule. Alisema shule hainisaidii. Tangu hapo kila karatasi iliyoingia nyumbani ilipita kwangu. "Nisomee hii," angesema, "miwani yangu sijui nimeiweka wapi." Hakuwahi kuwa na miwani.

Kazini hakumhitaji mtu. Alikaa dirisha la kwanza la mapokezi miaka kumi na tisa, juu ya mto wa kitambaa alioushona mwenyewe. Mgonjwa anakuja, mama anamwuliza, mgonjwa anasema, mama anaandika kwenye kompyuta, kadi inatoka kwenye printa. Kazi yote ni ya masikio na vidole. Kwenye skrini palikuwa na visanduku sita, vimepangwa viwili viwili. Juu kabisa Jina, na kando yake Umri. Chini yake Makazi, na kando yake Simu. Mwisho Ndugu wa Karibu, na kando yake Shida. Ukibonyeza kitufe cha Tab, unaruka kutoka kisanduku kimoja hadi kingine kwa mpangilio huohuo: Jina, Umri, Makazi, Simu, Ndugu, Shida. Halafu Enter, na mgonjwa amehifadhiwa. Mama alijifunza hayo wakati macho yake yangali mazima, na macho yalipoondoka, vidole vilibaki navyo.

Alikuwa na kasi ya ajabu. Sauti ya kibodi yake ilisikika hadi ghorofa ya pili, tarararara-tap, tararara-tap, ndipo wakambandika jina la Kinanda. Alilipenda jina hilo kuliko lake.

Na programu yenyewe ilimsaidia, ingawa ilikuwa mbaya ya kijivu kama sufuria kuukuu. Ukikosea, ukaweka herufi panapotakiwa namba, ililia: tii! Mama akisikia tii anarudi, anafuta, anaandika upya. Hiyo tii ndiyo iliyokuwa macho yake.

Halafu akaja fundi.

Alikuwa kijana mwenye ndevu chache na kompyuta mbili begani. Hospitali ilikuwa imenunua kompyuta mpya, na kompyuta mpya zilikuwa zinaikataa programu ya zamani. Fundi alikaa na mama siku mbili pale dirishani, akiandika kwenye daftari kila mama anachokifanya.

"Mama, programu ni kama nyumba," alimweleza. "Ina kiunzi chake, zile mbao zinazobeba madirisha, vitufe na visanduku. Kiunzi cha hii ni cha zamani, waliokitengeneza wameshakitelekeza. Nakuja na kiunzi kipya, halafu visanduku vyako navihamishia humo kimoja kimoja."

"Vyote sita?"

"Vyote sita. Hata rangi ukitaka nitakuwekea ileile ya majivu."

"Rangi weka ya harusi ukipenda," mama alisema. "Mimi nataka kitu kimoja. Tab yangu iende kama inavyokwenda sasa. Jina, Umri, Makazi, Simu, Ndugu, Shida. Na ile tii iwepo. Andika hapo."

"Nimeandika, mama."

"Nisomee ulichoandika."

Fundi akamsomea. Akacheka kidogo, akamwuliza mbona kipanya chake hakigusi.

"Kipanya ni cha watu wavivu," mama alisema, akimtazama sikioni.

Jioni ile alirudi nyumbani mwepesi. Aliniambia habari za fundi, kijana mwenye adabu, ameandika kila kitu, amemsomea mwenyewe. Halafu akasema kama anaongea na ukuta, "Kile kiti wasinitoe. Wanitoe popote, kile kiti wasinitoe." Kwake hapakuwa pahali pengine duniani ambapo alikuwa bora kuliko wenye macho.

Yaliyofuata tulikuja kuyasikia baadaye, kutoka kwa mwenzake wa dirisha la pili. Huyo alikuwemo kwenye kikao cha mkuu wa utawala. Mkuu wa utawala alikuwa bwana mpole wa sauti, hajawahi kumfokea mtu, na watu walimwogopa kuliko anayefoka. Aliifungua orodha ya fundi mstari kwa mstari, na kila mstari aliuliza swali lilelile.

"Hili wageni wakija wataliona kwenye skrini?"

"Hapana, bosi."

"Futa, utalifanya mwakani."

Wakafika mstari wa Tab na tii. Fundi akasema ni ombi la mama wa dirisha la kwanza.

"Kwani yeye hana kipanya?"

"Anacho, bosi, ila hajawahi kukigusa. Kina vumbi kama kimetoka kaburini."

Kikao kikacheka. Fundi alipoona wamecheka akanogewa, akaongeza, "Nadhani haoni, bosi. Kuna siku nilimwonyesha skrini imezimika, akaniambia inapendeza."

Wakavunjika mbavu. Mkuu wa utawala hakucheka. Aliichukua kalenda, akaweka duara kwenye Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliopangwa wa mazoezi, akasema siku hiyo programu mpya itaonyeshwa mbele ya wakuu wote wa idara, na atakayeonyesha ni Kinanda mwenyewe. "Nani mwingine?" alisema. "Si ndiye bingwa wetu?"

Mazoezi yakaanza. Mwenzake wa dirisha la pili alimwita mama mara mbili. "Dada, njoo ukae ujaribu hii mpya, imekaa kama ya zamani lakini siielewielewi."

"Mimi nifundishwe mapokezi?" mama akamjibu. "Miaka kumi na tisa? Fundi amenihakikishia. Jaribuni nyie mnaoandika kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa."

Mwenzake akanuna, hakumwita tena. Na alikuwa anajua. Alikuwa amekaa kwenye kile kikao, na alikuwa ameijaribu ile programu kwa vidole vyake mwenyewe.

Kwa ajili ya ile Ijumaa, kila mfanyakazi wa mapokezi aliambiwa alete ndugu mmoja asimame foleni kama mgonjwa wa kuigiza. Mama akanileta mimi. Njiani alinifundisha. "Nikikuuliza shida, sema kikohozi. Usiniite mama pale. Niite dada, kama wagonjwa wengine."

Walitufanyia kwenye ukumbi wa mikutano. Meza ya mama iliwekwa mbele, inatutazama, mto wake juu ya kiti. Nyuma yake ukutani walimulika kwa projekta ile skrini, kubwa kama mlango wa gari, ili wote waone anachoandika. Mama alikuwa ameupa ukuta mgongo. Wakuu wa idara walikaa kwenye viti vya plastiki. Fundi alikuwa pembeni, amekunja mikono. Sisi wagonjwa tulikuwa watano, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Skrini ilikuwa nzuri, nyeupe, visanduku sita viwili viwili, kila kimoja palepale pake. Watu wakasema ah, ileile, ila imeoga.

"Kadi itatoka wapi?" mama aliuliza.

"Printa bado haijaunganishwa, mama," fundi akajibu. Hilo lilikuwa kweli.

Mama akaweka vidole. Akanyoosha shingo. "Karibu. Jina?"

Nikasema jina langu, kama vile hakunipa yeye. Tarararara-tap. Ukutani jina langu likatokea kwenye Jina.

"Umri?"

"Miaka kumi na sita."

Akaandika. Na kumi na sita ikatokea chini, kwenye Makazi.

Fundi alikuwa amevihamisha visanduku kwa kuishusha kwanza safu yote ya kushoto, halafu safu yote ya kulia. Kwa macho vilikaa vilevile. Lakini kiunzi kile kipya, usipokipa maelekezo mengine, Tab inafuata zamu ambayo vitu viliwekwa. Kwa hiyo ilishuka chini, Jina, Makazi, Ndugu, halafu ndiyo ikaruka juu kulia. Yale maelekezo yalikuwa kwenye ule mstari uliofutwa.

Nikamwangalia mkuu wa utawala. Alikuwa ananiangalia. Akaweka kidole mdomoni, taratibu, kama unavyomfanyia mtoto mbele ya mtu aliyelala.

"Unakaa wapi?" mama akaniuliza.

Nikasema tunakaa nyuma ya ghala la mbao. Ghala la mbao likaingia kwenye Ndugu wa Karibu.

"Simu?"

Nikasema namba, tarakimu kumi. Zikaingia kwenye Umri.

Mtu wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Huyu mgonjwa ana miaka milioni mia saba." Ukumbi ukaangua kicheko. Mama naye akatabasamu. Alidhani wanacheka kwa sababu anamhoji mwanawe wa kumzaa.

"Msicheke," aliwaambia. "Mgonjwa ni mgonjwa, hata kama nimemzaa mwenyewe."

Wakacheka zaidi. Mmoja alijifunika uso kwa faili.

"Ndugu wa karibu?"

"Mama yangu," nikasema.

Akaandika, na maneno yakaingia kwenye kisanduku cha Simu. Hapo ya zamani ingelia. Hii haikulia. Ilichora mstari mwekundu kuzunguka kisanduku, mzuri, mwembamba, wa kutazamwa.

"Shida?"

Ningeweza kusema kitu. Mdomo nilikuwa nao, na yeye alikuwa karibu, ningeinama tu. Mkuu wa utawala alikuwa bado ameweka kidole. Nikasema kikohozi.

Akapiga Enter kwa kidole kidogo, kwa madaha, alivyozoea. Programu ikakataa kuhifadhi, kwa ajili ya ule mstari mwekundu, na ikakataa kimya. "Tayari," mama akaniambia. "Kaa pale usubiri kuitwa. Anayefuata!"

Hakuna aliyemzuia. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba walimwacha amalize foleni. Wa pili jina lake likagandana na kikohozi changu kwenye kisanduku kimoja. Wa tatu, mzee mmoja baba wa mfagizi wa mapokezi, umri wake haukutokea popote. Wa nne na wa tano maneno yakapandiana kama nguo kwenye kamba fupi. Na mama alikuwa anazidi kasi, tarararara-tap, mabega yamelegea, amenogewa, anawatania wagonjwa. Vicheko vilivyotoka nyuma alivipokea kama vyake. Alikuwa hajafurahi namna ile siku nyingi.

Alipomaliza akaweka mikono mapajani. Mkuu wa utawala akapiga makofi matatu.

"Asante, mama. Hebu geuka ukutani, utusomee mgonjwa wa tatu ana umri gani."

Mama akageuka. Akalitazama dirisha la ukumbi, ili aupate ukuta. Akalitazama feni. Ukumbi ulinyamaza, na kwenye kimya kile nadhani akajua, maana alikuwa mtu wa kusikia.

"Wa tatu," akasema, "ana miaka sitini na nane. Anakaa karibu na kiwanda cha sabuni. Simu hana, ametoa ya mwanawe." Akaitaja ile namba yote. "Ndugu ni mwanawe, mfagizi wetu. Shida ni mgongo." Na hakuishia hapo. Akarudi kwa wa pili, akaenda kwa wa nne na wa tano, majina, makazi, namba za simu, bila kukosea hata tarakimu moja. Mimi akaniweka mwisho. "Wa kwanza ana kikohozi," akasema.

Baba wa mfagizi akasema, "Ni kweli kabisa, yote kweli."

"Mama," mkuu wa utawala akasema, kwa ile sauti yake ya upole. "Nimekuomba usome. Sijakuomba ukumbuke."

Mama akasimama. Akapapasa kiti, akauchukua mto wake, halafu akauacha tena palepale.

Barua ilikuja Jumanne. Mama aliipokea mlangoni, akaishika kidogo, akaninyooshea. "Nisomee. Miwani yangu sijui nimeiweka wapi."

Nikamsomea. Ilisema anasimamishwa kwa kuificha hospitali hali ya macho yake, na kwamba ndani ya siku kumi na nne apimwe palepale hospitalini, majibu yawekwe kwenye faili lake.

"Soma tena pale pa kuficha," akasema.

Nikasoma tena.

"Una sauti mbaya ya kusoma," akaniambia. "Walimu wako hawakukufundisha kitu."

Mwenzake wa dirisha la pili alikuja Jumamosi na ule mto, ameufunga kwenye mfuko wa plastiki. Ndiye aliyetuambia ya kikao, mstari uliofutwa, fundi na mzaha wake, na duara kwenye kalenda. Alilia kidogo.

"Na wewe kwenye kikao ulisemaje?" mama akamwuliza.

"Nilicheka, dada."

Mama akamshukuru kwa mto.

Siku ya kumi na mbili tukaenda kupimwa. Ukitaka kumwona daktari yeyote pale sharti uandikishwe kwanza, na anayeandikisha ni mapokezi. Tukapanga foleni dirisha la kwanza. Kwenye kiti alikuwa yuleyule mwenzake, amehamishiwa hapo. Nyuma yetu palikuwa na watu kama ishirini.

"Jina, dada?"

"Hulijui?"

"Nalijua. Nitajie tu, watu wanasubiri."

Mama akataja. Akainamisha kichwa, sikio kwenye tundu la kioo. Kibodi ikadonoa jina, ikapiga Tab moja.

"Umri?"

Akasema. Ikadonoa mara mbili, Tab. Halafu Makazi, Tab. Kwenye simu yule mwenzake akakosea, akagusa herufi.

Tii!

Mkono wa mama uliruka juu ya ubao wa dirisha kama umeungua.

"Wameirudisha," akasema.

"Wameirudisha, dada. Na Tab inakwenda kama zamani. Sisi wenyewe tulilalamika, ilikuwa inatuchanganya."

"Lini?"

Mwenzake akaangalia kibodi. "Jumatatu ile."

Lile onyesho lilikuwa Ijumaa.

"Ilimchukua muda gani, yule kijana?"

"Dada, tuendelee, watu wanasubiri."

"Nimekuuliza."

"Alikuja na kikombe cha chai," mwenzake akasema polepole. "Aliondoka nacho bado cha moto."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua. Mtu wa nyuma akasema jamani mapokezi, kuna wagonjwa huku. Mwenzake akauliza ndugu wa karibu, mama akanielekeza kwa kidevu, nikaandikwa mimi. Tab. Kikabaki kisanduku kimoja.

"Shida?"

Vidole vya mama vilikuwa ukingoni mwa ubao, vimekaa mkao wa kibodi, kidole kidogo kimeinuliwa kwa ajili ya Enter.

"Shida yako, dada. Ndicho cha mwisho."

"Macho," mama akasema, kwa sauti ya kusikika foleni nzima.

Mwenzake akaandika. Enter. Printa ikaguna, na kabla haijamaliza kuguna mama alikuwa ameshapitisha mkono kwenye tundu la kioo, akaupeleka kulia, akaipokea kadi yake hewani ilipokuwa inadondoka. Alijua inadondokea wapi.

"Kaa pale usubiri kuitwa," mwenzake akamwambia. Halafu akasema, "Anayefuata."